Namna ya Kuwa Bingwa wa Hali ya Hewa Same Bila Kulowa

Mji wa Same umepungukiwa mvua, haujapungukiwa watabiri. Kaa kijiwe chochote cha kahawa karibu na stendi, tazama juu kidogo, ukunje uso, na kabla kikombe hakijapoa utakuwa umepewa utabiri wa aina tatu: wa mzee aliyemsikia dudumizi akilia alfajiri, wa dereva wa bodaboda ambaye goti lake huuma mvua ikikaribia, na wa kijana mwenye simu inayomwonyesha picha ya kijiwingu chenye matone kila siku tangu Januari. Ushindani ni mkubwa. Ukitaka usikilizwe, lazima uje na kitu ambacho wote watatu hawana.

Kitu hicho ni fronti.

Inapatikana bure kwenye vitabu vya jiografia vya sekondari, pale penye mstari wa pembetatu na mwingine wa nusu duara. Watoto wengi wa Upareni wameuchora mstari huo kwa penseli, wakaupaka buluu na wekundu, wakapata maksi zao, kisha wakatoka nje kwenye jua la saa nane na wasikutane nao tena maisha yao yote. Ndiyo maana unafaa. Elimu ambayo kila mtu aliisoma na hakuna aliyepata kuitumia haina wa kuikosoa.

Lakini isome upya kwanza, maana kijiweni kuna walimu wastaafu, na hao si watu wa kuchezea. Huko kati ya nyuzi 30 na 60 za latitudo, kaskazini na kusini ya dunia, hewa baridi ya upande wa ncha hukutana na hewa ya joto ya upande wetu, na hazichanganyiki kirahisi. Mpaka wao ndio fronti. Mpaka ukijikunja na mgandamizo wa hewa ukashuka mahali pamoja, hewa huanza kuzunguka hapo, na hiyo ndiyo tufani ya latitudo za kati: dude la upana wa kilometa 1,000 na zaidi, linalosafiri kutoka magharibi kwenda mashariki. Mbele yake hewa ya joto hupanda taratibu juu ya hewa baridi. Utaona mawingu membamba ya juu sana, kisha duara la mwanga kuzunguka jua, kisha anga inafifia, kisha manyunyu yasiyo na haraka. Nyuma yake huja fronti baridi, nayo haina adabu: inainua hewa ya joto kwa nguvu, radi inapiga, upepo unageuka, kipimajoto kinashuka, na baada ya hapo anga inatakata.

Picha hiyo aliitoa Jacob Bjerknes mwaka 1919, akiwa kijana wa miaka 21, katika mji wa Bergen nchini Norwe. Bergen hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka. Same hupata kama robo ya hizo, tena mwaka ukiwa na huruma. Mtu wa Bergen kueleza mvua inavyonyesha ni sawa na Mpare kueleza makande yanavyopikwa. Kazi ngumu ni yako wewe, unayetakiwa kuihamishia hekima hiyo kwenye nyuzi 4 kusini ya ikweta.

Hapo kuna tatizo dogo ambalo hupaswi kulitangaza: fronti hazifiki. Tufani za latitudo za kati hula tofauti ya joto kati ya hewa mbili. Kwetu hewa ya huku na hewa ya kule zote zina joto, kwa hiyo hazina la kugombania. Tena ile nguvu ya mzunguko wa dunia inayoifanya hewa izunguke badala ya kwenda moja kwa moja hupungua kadiri unavyoikaribia ikweta, na huku imebaki kidogo sana. Fronti ya kitabuni ikiletwa Same itakaa tu, kama itafika.

Usivunjike moyo. Same kuna upepo, na upepo ndio unaohitaji. Mchana vumbi litainuka stendi, mifuko itapaa, mama ntilie atafunika sufuria kwa kanga. Hapo weka kikombe chini, tazama upande wa barabara ya Moshi, na useme kwa sauti ya mtu aliyechoka kueleza: “Fronti baridi hiyo.” Usiongeze neno. Akijitokeza mbishi wa kuuliza mbona hainyeshi, mjibu kwamba ni fronti kavu. Na kweli zipo fronti zinazopita bila tone la mvua. Huo ndio uzuri wa sayansi, haimwachi mtu aibike.

Sasa nikueleze ukweli, ukae nao wewe mwenyewe. Mvua ya Same inaamuliwa na vitu viwili. Kimoja kipo karibu mno, kingine kipo mbali mno. Pale katikati, kwenye vitu vyenye ukubwa wa fronti, pale ambapo vitabu vimetumia kurasa nyingi, sisi hatuna cha kutusaidia wala cha kutudhuru.

Cha karibu ni mlima, huu wetu wa Upare. Pepo zinazotuletea mvua, kaskazi ya vuli na kusi inayoanza wakati wa masika, zote hutoka Bahari ya Hindi, yaani zote huufikia mlima kwa upande wa mashariki. Mji wetu umekaa upande wa pili. Ifuate hewa hiyo kwa hesabu ya mfano. Tuseme imeanza kupanda karibu na Ndungu, mita kama 500 juu ya usawa wa bahari, ikiwa na nyuzijoto 28. Inaukuta mlima, haina pa kwenda ila juu. Hewa ambayo haijawa wingu hupoa nyuzi 10 hivi kwa kila mita 1,000, kwa hiyo kwenye mita 1,300 imebaki na nyuzi 20, mvuke wake unaanza kuwa matone, na wingu linazaliwa. Kuanzia hapo inapoa polepole zaidi, nyuzi kama 6 kwa mita 1,000, kwa sababu mvuke unapogeuka maji huliachia joto lake. Ikifika mita 2,300, jirani na kilele cha Shengena chenye mita 2,462, ina nyuzi 14, na maji mengi imeshayamwaga kwenye msitu wa Chome na kwenye mashamba ya tangawizi ya Mamba na Myamba. Kisha inateremka kuja kwetu. Haina tena matone ya kuichelewesha, inaongezeka nyuzi 10 kamili kwa kila mita 1,000. Ikigusa Same, mita 900 hivi, imerudi kwenye nyuzi 28. Ilipokuwa ikipanda ng'ambo, kwenye kimo hichohicho, ilikuwa na 24.

Kwa hiyo imetuletea nyuzi 4 za ziada, na maji imewaachia wenye tangawizi.

Ukisimama stendi utaliona wingu lenyewe, jeupe na nene, limeukalia mlima mchana kutwa wala halisogei. Abiria anayeshuka kwenye basi la Arusha kununua maji ya kunywa hulitazama na kusema leo itanyesha. Mwenyeji anajua kwamba imeshanyesha, kwa wengine. Wewe bingwa sema fronti imekwama.

Nao wa mlimani hawajapewa raha tupu. Mwezi wa Novemba 2009 mvua kubwa za vuli ziliporomosha ardhi katika kijiji cha Goha, Mamba Myamba, na watu zaidi ya 20 wakafariki. Hilo usilitie kwenye utani wa kijiweni. Hujui ni nani kati ya waliokaa hapo aliyepanda mlima siku ile kwenda kuzika.

Tuingie sasa kwenye siri ya kazi, ambayo mabingwa wakubwa hawaitoi hovyo: tafuta shangazi mlimani. Kama huna wa damu, tafuta wa kanisani. Awe Vudee, awe Chome, awe popote pale wingu linapokaa, na awe na simu yenye chaji. Mazungumzo yenyewe ni mafupi.

“Shikamoo shangazi.”

“Marahaba mwanangu. Leo umetukumbuka?”

“Nawakumbuka kila siku shangazi. Huko mvua vipi?”

“Mvua? Tangu jana jioni hatujatoka nje. Hata kuni za akiba zimelowa. Sukari utaniletea lini?”

Umemaliza. Kata simu baada ya kuahidi sukari, rudi kijiweni, uwatangazie kwamba kuna mfumo wa mgandamizo mdogo wa hewa umejijenga upande wa mashariki, na kwamba watu wa Makanya wajiandae kupata maji kabla ya jioni. Watakucheka, maana anga ya Makanya muda huo ni buluu tupu, jua linawaka juu ya machimbo ya jasi na mashamba ya mkonge. Baada ya saa chache korongo litaunguruma na maji ya rangi ya udongo yatateremka kutoka mlimani. Heshima yako itapanda siku hiyohiyo. Sukari ipeleke, asije akazima simu masika ijayo.

Niseme tu kwamba hili la mlima kunyesha na bonde kunywa watu wetu walilijua kabla ya Bergen kupata bingwa. Kwenye miteremko kuna ndiva, mabwawa ya jadi ambamo maji ya kijito huingia usiku kucha mpaka yakajaa, asubuhi mlango unafunguliwa na kila mwenye zamu anapata sehemu yake. Kule bondeni Makanya wanayategea mafuriko yenyewe na kuyageuzia shambani kwa mifereji. Hayo yote yanahitaji macho yanayotazama mlimani, na utamaduni wa kugombana kuhusu zamu, ambao kwetu haujawahi kupungua.

Kitu cha pili, cha mbali, ni bahari, na hapa ndipo utakapowamaliza walimu wastaafu. Ukanda mvua, ule mstari ambapo pepo za kaskazini na za kusini hukutana, hulifuata jua linavyohama, hivyo hupita juu yetu mara mbili kwa mwaka. Kupita kwa kwanza ni vuli, Oktoba hadi Desemba. Kwa pili ni masika, Machi hadi Mei. Ila kupita ni jambo moja na kubeba maji ni jingine. Vuli hasa huamuliwa na joto la maji mbali sana na hapa: Bahari ya Hindi ya upande wetu ikiwa na joto kuliko upande wa Indonesia, tunapata mvua nyingi, mambo yakigeuka, tunapata vumbi. Wanasayansi waliieleza tabia hiyo ya bahari mwaka 1999. Pasifiki nayo ina neno, kupitia El Niño, ambayo kwetu imeshakuwa jina la mvua yoyote inayobomoa daraja. Vuli ya 1997 zote mbili zilitushukia kwa pamoja. Ile ya 2019 ilitosha Bahari ya Hindi peke yake.

Sasa sikiliza hili. Mtu aliyeeleza jinsi joto la Pasifiki linavyoshikana na pepo zinazovuka bahari hiyo, na hivyo akatupa El Niño kama tunavyoielewa leo, alikuwa Jacob Bjerknes. Yuleyule wa fronti. Alikuwa amehamia Marekani, anafundisha chuo kikuu Los Angeles, ameshapita miaka 70, na makala yake ikatoka mwaka 1969. Ujanani aligundua kitu kisichotufaa hata kidogo, uzeeni akagundua kinachotuhusu kuliko chochote, na vitabu vya shule vikaendelea kutuchoresha kile cha ujanani. Mwaka huohuo wa 1969, huko Nairobi, ilichapwa historia ya kisiasa ya Wapare ya Profesa Isaria Kimambo, ambamo kuna koo za waleta mvua wa Upare wa zamani. Siwezi kusema wazee hao na Bjerknes wangeandikiana barua. Nasema tu ulikuwa mwaka mzuri kwa mvua yetu, kwenye karatasi.

Kuhusu vimbunga nitakuwa mfupi. Kila mwaka kuna siku simu zinajaa ujumbe kwamba kimbunga kinakuja, sambaza kwa watu kumi. Vimbunga vya Bahari ya Hindi ni ukoo mwingine kabisa na tufani za Bergen: vinakula joto la bahari, havina fronti, na mara chache sana hukaribia ikweta kuliko nyuzi 5. Jobo, Aprili 2021, kilituogopesha nchi nzima kisha kikaishia baharini. Hidaya, Mei 2024, kilifika pwani ya kusini na barabara ya Lindi ikakatika. Same hakikuleta hata upepo wa maana. Ila usidharau kimbunga kwa sababu kimekwenda kwingine, kwani hapo ndipo kinapokuibia. Machi 2019 Idai kiliipiga Beira, Msumbiji, na kikiwa kule kiliuvuta unyevunyevu uliokuwa uje huku. Masika ikachelewa, mahindi yakasubiri. Bingwa mzuri huuliza kimbunga kinakwenda wapi, kisha huisikitikia Same hata kama kinakwenda Madagaska.

Upo mwezi mmoja tu ambao unaweza kusema fronti pasipo kudanganya, nao ni Julai. Fronti baridi zinapopita Cape Town, nyuma yake hewa nzito ya baridi hujikusanya kusini mwa Afrika na juu ya bahari ya huko, kisha husukuma upepo kupanda nao pwani ya Msumbiji hadi kwetu. Tunaiita kipupwe. Ukungu unakaa Chome, manyunyu yanadondoka upande wa Gonja, na Same yenyewe watu wanavaa masweta asubuhi. Fronti ilifia njiani zamani. Kilichotufikia ni baridi iliyosukumwa nayo. Kwa bahati mbaya Julai hakuna anayeuliza habari za mvua, kwa hiyo siku pekee ambazo ungesema kweli utakosa msikilizaji.

Linabaki suala la lugha. Majirani zetu wanasema Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku. Tuseme ni uzushi. Bado usiwape watu kama hao utabiri wenye tarehe na saa. Jifunze kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, watu wenye vipimo na setilaiti, ambao bado husema “mvua katika maeneo machache na vipindi vya jua”. Ni sentensi ya watu wakweli: mvua ya tropiki hunyesha shamba hili ikaliacha la jirani, na anayekutajia shamba gani anakuongopea. Ila mikononi mwako wewe sentensi hiyo ni silaha. Ikinyesha, ulisema mvua. Isiponyesha, ulisema jua. Na mtu akilalamika kwamba kwake hakukulowa, mwambie kwa upole kwamba hayupo katika maeneo machache.

Angalia pia ramani yao ya kanda. Kilimanjaro, Arusha na Manyara zote zinahesabiwa nyanda za juu kaskazini mashariki. Hivyo Same, Hedaru na Makanya, ambako mbuzi hutafuta kivuli saa nne asubuhi, zimo kwenye sentensi moja na Kibo na barafu yake. Usilisahihishe hilo. Mkazi wa nyanda za juu akitoa utabiri husikilizwa.

Kitu kimoja ukiepuke kabisa: kipimamvua. Same kuna kituo cha hali ya hewa, na humo kuna chombo kinachokusanya mvua na mtu anayeisoma na kuiandika kwa milimita. Usipite karibu na kituo hicho ukiwa na mashabiki wako. Bingwa na kipimamvua hawakai mji mmoja kwa amani.

Itafika siku utajiamini, utapanda bodaboda hadi Makanya kutoa huduma kwa wakulima. Utamkuta mzee shambani na jembe, utamwamkia, naye ataitikia bila kusimamisha kazi. Utamweleza habari za mgandamizo, ukanda mvua, joto la Bahari ya Hindi na marehemu Bjerknes. Atakusikiliza kwa adabu zote. Kisha atauliza swali moja, lile ambalo mwongozo huu umelikwepa tangu mwanzo: “Kwa hiyo nipande lini?”

Utaanza kusema wastani hadi juu ya wastani. Yeye atakuwa ameshageuka anatazama mlimani, pale wingu lilipo, halafu atakugusa bega na kukuomba usogee, maana umesimama kwenye mfereji wake na maji yapo njiani.